Madam Aliyeionja Nchi

Madam alionja udongo. Sisemi kwa mafumbo. Alichovya kidole kwenye udongo, akakitia mdomoni, akafumba macho kama mtu anayepima chumvi ya mchuzi, kisha akatema pembeni na kutoa hukumu. Alifanya hivyo mbele ya darasa, alifanya mbele ya wakaguzi wa shule, na mara moja alifanya kwenye mazishi, mchungaji akiwa bado anasema mavumbi kwa mavumbi.

"Si mavumbi haya," alininong'oneza, kwa sauti ambayo hata marehemu angeisikia. "Hili ni tope la ziwa la zamani. Mchanga kidogo, magadi kidogo. Huyu mzee hataoza haraka."

Nilimjua kwanza kama mwalimu wangu wa jiografia katika shule ya kutwa hapa Nakuru. Baadaye, nilipofungua duka langu dogo la mbegu na mbolea karibu na stendi, nikamjua kama mteja. Mteja ni neno la heshima. Alikuja kuniharibia biashara. Mkulima akishuka kutoka Dundori kununua gunia la mbolea ya DAP kwa ajili ya viazi vyake, Madam, aliyekuwa amekaa kwenye kiti changu akinywa chai yangu, alimuuliza, "Wewe mzee, hiyo shamba yako umewahi kuipima? Hiyo udongo imekuwa chachu kama maziwa ya juzi. Unaiongezea nini tena? Ipe chokaa kwanza." Mkulima akarudisha mkono mfukoni. Mimi nikabaki na gunia langu, na chokaa sikuwa nayo.

Wizara ilikuwa na silabasi yake na Madam alikuwa na yake. Vitabu vilisema udongo huundwa kutokana na mwamba, hali ya hewa, umbo la nchi, viumbe na muda. Madam alisema udongo hupikwa.

"Mwamba ndio unga," alisema, akizunguka darasani na kipande cha chaki kama mwiko. "Mvua ndio maji. Joto ndio moto. Mizizi na minyoo ndio mikono ya mpishi. Mteremko ni yule mtoto anabeba sahani akimwaga. Na muda ni mgeni wa heshima. Asipofika, hamli."

Kila likizo alituagiza turudi na udongo wa kwetu ndani ya mkebe. Mikebe ile ya mafuta ya kupaka na ya kakao ilipangwa dirishani, na hapo ndipo nilipoizunguka Kenya kabla sijawahi kuvuka Gilgil. Udongo wa Kisii ulikuwa mwekundu na mzito, mwamba wa volkano ulioiva kwa mvua nyingi. "Hii ukipanda msumari, unaota," alisema. Wa Kakamega ulikuwa mwekundu pia, lakini Madam hakudanganyika na rangi. Mvua ilikuwa imeuosha miaka na miaka mpaka chakula chote kimeshuka chini, mbali na mizizi. "Unapendeza kwa macho tu, kama bwana harusi wa pili." Wa Makueni ulikuwa wa kichanga, umetokana na mawe aliyosema ni mazee kuliko dhambi. Wa Pwani ulikuwa mchanga na vumbi la matumbawe. Mnazi unavumilia, mahindi yanalia. Wa kaskazini ulikuwa na ukungu mweupe wa chumvi, kwa sababu jua huko huvuta maji juu, maji yakienda zake yanaacha chumvi. "Ardhi imetoka jasho," alisema, akalamba, akakunja uso.

Aliouchukia kwa dhati ni ule mweusi wa nyanda za Kano, ambao mafundi wote wa ujenzi huuita black cotton. "Huu ndio mheshimiwa wenu," alisema. "Mvua ikinyesha anavimba. Kiangazi kikija anapasuka mpaka ng'ombe anavunjika mguu. Na ukijenga juu yake, nyumba yako ndiyo itaomba msamaha."

Watu pia aliwapima hivyohivyo. Mkuu wa shule alikuwa udongo wa mfinyanzi, maana hakuna kitu kilichopita kwake kikatoka upande wa pili. Mkuu wa shule alikuja kulisikia hilo akiwa amesimama mlangoni. Madam hakubadilisha hata pumzi. "Lakini bila mfinyanzi, hakuna chungu," alimalizia, na yule bwana akaondoka asijue kama amesifiwa au ametukanwa. Nafikiri mpaka leo hajui.

Mimi sikuwa na mkebe. Babu yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, akazaa hapa, baba akazaliwa hapa, mimi nikazaliwa hapa, katika vile vyumba vya wafanyakazi wa reli ambavyo havikuwa vyetu. Kule magharibi shamba lilikuwa limekwisha gawanywa na watu ambao hata sura zao hatukuzijua. Ilikuwa muhula wa kwanza baada ya fujo za uchaguzi, wakati ambapo mtu akikuuliza kwenu ni wapi, unaangalia kwanza mkono wake umeshika nini. Kwa hiyo nilichota udongo nyuma ya nyumba, nikauleta.

"Wa wapi?" Madam aliuliza.

Kijana mmoja wa nyuma akajibu kabla yangu. "Huyo hana kwao, Madam."

Darasa likacheka, kile kicheko cha mwaka ule, kisicho na furaha. Madam akanitazama mimi. "Umetoa wapi?"

"Nyuma ya choo, Madam."

Akachovya kidole. Darasa zima likapiga kelele. Akaonja, akafumba macho, akatafuna kidogo.

"Ni kweli," alisema. "Na jana mlikula maharagwe."

Alisubiri kelele ziishe. Kisha akamwaga udongo wangu juu ya meza, mwepesi, wa kijivu, ukaruka kama unga. Akasema huo ni majivu. Menengai, ile volkano iliyo juu ya mji, iliwahi kutapika, upepo ukayabeba, yakaangukia hapa mjini, Njoro, mpaka Rongai huko. Mwamba wa chini yetu haujawahi kuuzaa udongo huu. "Umekuja kutoka juu, bila barua, bila kuomba ruhusa ya mtu. Sasa nyinyi mnaoulizana kwenu ni wapi, mnaulizana mkisimama juu ya mgeni." Akamtazama yule kijana wa nyuma. "Kaa chini." Kijana alikuwa ameketi tayari. Akazidi kuketi.

Baada ya hapo nilimpenda, ingawa kumpenda Madam ilikuwa kazi. Alikuwa mchoyo wa sifa na mkarimu wa matusi. Alikopa vitabu akavirudisha vikiwa na masahihisho ya kalamu nyekundu. Alikunywa chai ya sukari nyingi kisha akakuhubiria juu ya kisukari.

Halafu, mwanamke huyu aliyejua udongo wa nchi nzima hakuweza kuotesha chochote. Nyanya zake zilikauka zikiwa changa. Sukuma wiki yake ililiwa na konokono huku yeye akiwaeleza wageni uzuri wa kuishi na viumbe. Nilimuuzia mbegu bora kuliko zote dukani, zilikataa. Nikamuuliza mbona hivyo. "Daktari wa uzazi ni lazima azae?" alinijibu.

Na lile suala la odowa. Odowa ni yale mawe laini ya udongo ambayo wamama wajawazito hununua sokoni wakatafuna. Madam aliyapiga vita. Aliwasimamisha wamama barabarani akawaambia yanaziba tumbo na yanaleta minyoo, na kwamba mtu akitamani odowa mwili wake unalilia damu, aende kliniki. Siku moja nilichukua mkoba wake ili nimpishie mteja kiti, ukafunguka, odowa zikamwagika sakafuni dukani kwangu, za kutosha mwezi mzima. Tukazitazama. "Hizo ni za utafiti," alisema, akainama kuziokota, moja akaitia mdomoni palepale.

Alipostaafu, alifanya jambo ambalo sikulielewa kwa muda mrefu. Alinunua ploti Kaptembwo, upande ule ambako ufa unapita.

Mtu wa Nakuru haelezwi habari za ufa. Chini ya majivu yetu kuna mipasuko ya Bonde la Ufa yenyewe, na majivu ni mepesi. Mvua ikizidi, maji yanapata njia, yanayachota kutoka chini kimyakimya, mpaka siku moja barabara inaingia ndani. Madam mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Kulikuwa na kanisa la mabati mtaani hapo ambalo lilitaka kujenga jumba la mawe juu ya mstari huohuo, na siku ya harambee Madam alisimama bila kualikwa akawaambia waumini wasijenge hapo.

"Milango ya kuzimu haitalishinda kanisa!" mchungaji akanguruma.

"Sijasema kuzimu, Pasta. Kuzimu ni chini zaidi. Nimesema majivu."

Walimtoa nje kwa upole, wamama wawili, mmoja kila mkono. Mvua ya mwaka uliofuata ilimeza choo cha kanisa, choo chote na mlango wake, bahati njema hakukuwa na mtu ndani. Jumapili yake Madam alivaa kofia ya maua, akaenda akaketi kiti cha mbele. Mchungaji alihubiri juu ya kiburi. Hakuna aliyejua anamlenga nani.

Na mtu huyohuyo akanunua hapo hapo, mwendo wa kutupa jiwe kutoka shimo la choo. Akajenga nyumba ya mbao na mabati, nyepesi, juu ya vigingi. Watu walimcheka: mwalimu mzima, na pensheni yake, anakaa nyumba kama ya kuku. Alikuwa na jibu. "Nyumba ya mawe inabishana na ardhi. Yangu inakubaliana nayo." Alipaka milango rangi ya kijani, akaweka mapazia, akaita nyumba yake "makao makuu".

Aliishi hapo misimu kadhaa kwa raha. Ikaja ile Aprili ya mvua isiyo na adabu.

Asubuhi moja alinipigia simu. "Kuja na pickup ya duka. Usipitie barabara ya kanisa." Kisha akakata. Nilijua sauti ile. Nikafunga duka.

Nilipofika mvua ilikuwa imetulia kidogo. Baadaye aliniambia alivyojua. Kwa siku kadhaa mlango wa jirani haukufunga vizuri. Halafu dimbwi la maji uani, ambalo kila mvua lilisimama mpaka jioni, asubuhi hiyo lilikuwa limetoweka huku mvua ikiendelea kunyesha. Maji hayakuwa yametoka uani. Yalikuwa yameshuka.

Nilimkuta amevaa gambuti na koti la mvua, akipiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko. "Tokeni! Ardhi inakunywa! Tokeni na watoto!"

Karibu na nyumba yake kulikuwa na ploti ya vyumba vya kupanga, vya mawe, vimeshikana. Mwenye ploti alikuwa amesimama langoni na mwavuli. "Msimsikilize huyu mathe," aliwaambia wapangaji wake. "Amezoea kutisha watu. Mkitoka mvua itawanyeshea bure."

"Boss," Madam akamwambia, "wewe unakaa wapi?"

"Milimani."

"Basi nyamaza. Watu wa Kaptembwo wanaongea."

Wengine walitoka. Wengine walichungulia wakarudi kitandani. Mama mmoja fundi wa nguo alikataa kabisa. Alikuwa na cherehani yake, na alisema akiiacha ataibiwa, na akiibiwa watoto watakula nini. Alisema hayo akilia. Madam hakubishana naye. Alimpa mtu kifuniko cha sufuria, akaingia chumbani, akajaribu kuibeba ile cherehani ya miguu peke yake, mwanamke wa umri ule. Nilikimbia nikashika upande wa pili. Tukaitoa mlangoni, tukaipandisha kwenye pickup, na fundi akaifuata na watoto wake wawili kama waombolezaji wanaofuata jeneza. Ni hapo wapangaji wengine walipoamini. Ukiona mwalimu amebeba cherehani kwenye matope, unajua mambo yameharibika. Walitoka mbio, na magodoro, na majiko, na televisheni zimefunikwa kwa mashuka.

Katika shughuli yote hiyo Madam hakutoa hata kijiko kutoka nyumbani kwake.

Ukuta wa vyumba vile ulipasuka kwanza, mstari mwembamba kutoka dirishani mpaka chini. Kisha ardhi ikazama, si kwa kishindo, kwa mguno tu. Vyumba viwili vya mwisho vilishuka. Halafu tukaona makao makuu yanainama. Nyumba ile ya mbao haikuvunjika, lazima niseme ukweli. Ilishuka nzima, polepole, kama mtu anayeketi baada ya kazi, milango yake ya kijani bado imefungwa, pazia moja likipepea, mpaka kukabaki paa peke yake likichungulia kutoka shimoni.

Madam akavuta pumzi.

"Nilisema itakubaliana na ardhi," alisema. "Imekubali kila kitu."

Watu wakacheka, kwa hofu, kwa nafuu, mwenye ploti akiwa amekaa chini na mwavuli wake umepinduka. Madam naye alicheka. Kisha akapanda nyuma ya pickup, akaketi kando ya ile cherehani, akajifunika uso kwa koti la mvua, na mabega yake yakaanza kutikisika. Yule fundi wa nguo akamshika mkono. Niliendesha pole pole mpaka kwangu.

Aliishi nami msimu mzima wa mvua. Sikuwahi kumjua Madam aliyenyamaza, na sikumpenda. Alikula, alishukuru, alikunja blanketi lake kama askari. Siku moja mchana, nikipepeta maharagwe, nikathubutu.

"Madam, ulijua. Wewe kuliko mtu yeyote. Kwa nini ulinunua pale?"

Alichukua maharagwe mkononi akayachambua kwa muda.

"Nimeishi nyumba za shule maisha yangu yote," alisema. "Kila dirisha la mtu mwingine. Ukipigilia msumari wa kutundika kalenda, lazima uandike ombi. Nilitaka mahali pa kupigilia msumari. Pale ndipo nilipoweza." Akatupa kijiwe. "Kujua ni kitu moja, msichana wa reli. Kutaka ni kitu ingine. Sijawahi kufundisha hiyo kwa sababu haiko kwa mtihani."

Mvua ilipoisha alihamia Dundori kwa dada yake mdogo, kwenye baridi na viazi. Dada yake alinipigia simu kulalamika kwamba viazi vyote alivyovigusa Madam vimepata ugonjwa wa baka. Nikajua amepona.

Mara ya mwisho kukaa naye siku nzima ni mwaka huu. Nilikuwa nimepata ploti upande wa Ngata, ya kwanza katika ukoo wetu tangu babu aje na reli, na sikuthubutu kutoa pesa kabla hajaiona. Alishuka kutoka kwenye boda boda akiwa amezeeka ghafla, akiburuta mguu mmoja, jembe begani.

Mwenye ploti hii alikuwa bwana wa viatu vya ngozi, na alishangaa kusikia Madam anataka tuchimbe kwanza. "Mathe, watu wananunua shamba kwa title, si kwa shimo."

"Title inakaa kwa droo," Madam akamjibu. "Nyumba yake itakaa wapi? Shika jembe."

Alilishika. Sijui kwa nini watu humtii. Nafikiri wanaona ni rahisi kuliko kujadiliana. Tukachimba kwa zamu, mimi na yule bwana, koti lake limetundikwa kwenye ua, mpaka shimo likafika kifuani. Madam akateremka ndani kabla hatujamkataza. Akapitisha kiganja ukutani mwa shimo, kutoka juu kwenda chini, akinionyesha. Juu kabisa weusi wa mizizi. Chini yake majivu ya kijivu. Chini yake vile vijiwe vyeupe vyepesi vinavyoelea ukivitia majini. Na chini kabisa, ambapo nilidhani tumefika mwisho, tabaka jingine jeusi, laini, lenye vitundu vidogo vya mizizi iliyooza zamani.

"Unaona?" alisema. "Hapa palikuwa juu. Palikuwa na nyasi, palikuwa na minyoo, kazi ilikuwa imefanyika, udongo mzuri kabisa. Menengai ikaumwagia takataka yake yote." Kiganja chake kilikuwa bado kwenye ule weusi. "Halafu hapo juu ukaanza mwingine. Tangu mwanzo. Bila kulalamika, bila kamati."

"Sasa ninunue ama nisinunue?"

"Hakuna ufa hapa ninaoujua. Nunua. Jenga nyepesi, chimba mtaro wa maji uende mbali, na mvua ya kwanza kaa macho. Sasa nitoe."

Hatukuweza kumtoa. Mguu ulikataa. Tulivuta, akatutukana; tukaacha, akatutukana. Mwishowe mama mmoja wa ploti ya jirani, aliyekuwa akitutazama juu ya ua kwa muda wote huo, akaleta benchi na flaski ya chai. Tukateremsha benchi, Madam akakanyaga, akatoka, akaketi ukingoni na gambuti zake zikining'inia, akapewa kikombe. Kabla hajakimaliza alikuwa ameshamwambia yule mama kwamba mahindi yake yamebanana kama abiria, na yule mama, badala ya kukasirika, alikuwa anacheka mpaka anashika ua.

Nikawaacha. Nikampa mwenye ploti mkono, tukakubaliana. Kisha nikavua viatu, nikashuka shimoni mwenyewe, nikasimama pale chini, kwenye ardhi yangu, udongo ukiwa baridi nyayoni na kuta zake zimenifika kifuani.

Mwenye ploti akainama ukingoni, akaniuliza nimeangusha nini.

Nikamwambia sijaangusha kitu.